Picha ya Katikati

Kwa Dorotea hakuna aliyepiga hodi. Mbwa hakufuga, uchawi hakusingiziwa, na mlango wake aliupaka rangi ya bluu kali ambayo ungeiona tangu barabara ya Musoma. Watu walipita tu. Walipita asubuhi wakienda stendi, wakapita jioni wakirudi na mafungu yao ya mboga. Igoma ya mwaka ule wa tisini na tano kila mtu alikuwa amehamia juzi, na kila mtu alikuwa na kitu anauza.

Yeye alitoka Nyakato, hapo hapo Mwanza, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kule jirani akikaanga kitunguu, wewe ndiye unayepiga chafya. Alisimama kwenye mtambo wa kufuma tangu hajaolewa mpaka nywele zikaanza kumgeuka, masikio yake yakazoea kelele hata akawa anasoma midomo ya watu. Halafu soko likawa huria. Mitumba ikaingia kwa marobota, na mama yule yule aliyefuma khanga kiwandani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama kwenye rundo akichagua blauzi ya Mzungu. Mitambo ikanyamaza mmoja baada ya mwingine. Watu wakapewa kiinua mgongo, wakaambiwa waachie nyumba.

Dorotea alinunua kiwanja Igoma, akajenga vyumba vitatu na sebule. Mumewe, Luhende, alikuwa ameshalala kwao Kwimba, chini ya udongo mwekundu. Binti yake Odeta aliolewa na askari, akapelekwa Mbeya. Mwanawe Yeremia alikwenda Dar es Salaam, akaahidi kurudi Krismasi. Hakusema ya mwaka gani.

Kwa hiyo alikuwa na sebule kubwa, makochi yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, na albamu.

Nyakato, mgeni akifika hupewa soda na albamu kabla hata hajaulizwa habari za safari. Unamwekea mapajani, unarudi jikoni, na ukiwa jikoni unamsikia anaita: "Mama Odeta, huyu nani huyu mwenye tai?" Hapo unatoka na mwiko mkononi, unaanza kusimulia. Ugali unaungua, unasimulia. Albamu ya Dorotea ilikuwa nene, kurasa zake zikiwa na ile karatasi ya nailoni, na tangu ahamie Igoma haikuwahi kukaa kwenye mapaja ya mtu. Na albamu haifunguliwi na mwenyewe. Ukikaa peke yako ukaanza kuipekua, hiyo si albamu tena, ni maradhi.

Usidhani majirani walimtenga bure. Mwezi ule alipohamia, Mama Jasmin wa ng'ambo ya barabara, yule anayeuza dagaa wa jumla, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita kivuko, alikuja na wenzake wawili. Walimkuta anasimamia shimo la choo.

"Karibu mtaani, mama," akasema Mama Jasmin. "Sisi tuna kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Tumekuja kukuandikisha."

Dorotea aliwatazama kuanzia ndala mpaka vilemba. "Nimefika juzi. Choo chenyewe hakijafika kiunoni. Nyie mmeshakuja kuniuliza nitazikwaje?"

"Si hivyo, mama..."

"Mimi nimekuja Igoma kuishi. Nikitaka kufa nitawaita."

"Haya, mama," akasema Mama Jasmin, akajifunga khanga upya. "Ishi."

Akaishi. Ndicho alichokipata.

Wazo la ukuta lilimjia siku ya mvua. Paa la sebule lilivuja juu ya kabati, albamu ikapata unyevu, na alipoifungua kuianika kurasa zilikuwa zimeshikana. Alipobandua ule wa Luhende, picha ikaanza kung'oka na nailoni. Akaacha hapo hapo. Akakaa na albamu imefunguka nusu, uso wa mumewe ukiwa umeinuka upande mmoja kama mtu anayeamka, na akaamua. Kama hakuna wa kuwekewa albamu mapajani, picha zitoke zenyewe. Zisimame ukutani. Mlango ukiwa wazi, mpita njia azione, na walau mtu mmoja, mmoja tu, asimame kizingitini aulize: huyu nani? Hakutaka zaidi ya hilo.

Fundi wa karibu alikuwa Otuoma, Mjaluo wa Shirati, mrefu, mwenye penseli sikioni na maneno mengi kuliko vumbi la mbao. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara kuu. Alitengeneza vitanda na meza, na pembeni, yamesimamishwa wima ukutani, majeneza. Siku hizo majeneza yalitoka zaidi kuliko vitanda.

"Fundi, fremu unatengeneza?"

"Mama, mimi natengeneza kitu chochote chenye kona nne."

Dorotea akachukua ubao mwembamba uliorandwa vizuri, akaugeuza. "Huu ni wa nini?"

"Hayo ni mabaki, mama. Ya kazi zingine."

Dorotea akazitazama hizo kazi zingine zilizosimama wima. "Na rangi?"

"Vanishi nyeusi. Ya kahawia imeisha, na hii ndiyo watu wanaichukua sana."

"Watu wako wanaichukua kwa sababu hawana mdomo wa kukataa."

Otuoma akacheka mpaka penseli ikaanguka. Na Dorotea, ambaye hakuwa amemchekesha mtu muda mrefu, akajikuta anaagiza fremu nyingi kuliko alivyokusudia.

Hakuna mfumaji anayeanza kufuma kabla hajaona nakshi. Dorotea aliweka picha zote juu ya mkeka, akazipanga, akazipangua. Akachukua magazeti ya wakati wa uchaguzi, ambayo kila nyumba ilikuwa nayo, akakata kipande cha kila fremu kwa kipimo chake, akapika uji mzito wa muhogo, akavibandika ukutani. Alitaka kuona kila kimoja kitakaa wapi kabla msumari haujagusa plasta, maana plasta ikishatoboka haina samahani. Akirudi nyuma akatazama, anabandua kimoja, anakisogeza. Kwa siku kadhaa aliishi na wagombea ubunge wakimtabasamia tangu kochi hadi mlangoni.

Otuoma alipokuja kupima alisimama kizingitini akashika kiuno. "Mama, na wewe umegombea?"

"Ningegombea ningepita. Ingia."

Waligombana juu ya urefu. Otuoma alitaka fremu zikae juu, chini kidogo ya dari, zimeinama mbele kama zinavyokaa kwenye kila sebule ya mtu mwenye heshima. Dorotea alizitaka chini, mtu akikaa kwenye kochi macho yake yakutane nazo.

"Mama, hicho ni kimo cha kalenda. Picha ya mzee wako unaiweka usawa wa kichwa cha mgeni?"

"Kule juu nani atamwona? Mgeni wangu atakuwa amekaa. Sitaki avunje shingo."

"Wageni wenyewe," akasema Otuoma, akitazama vile vitambaa vyeupe vya makochi, visivyo na mkunjo wala doa, "wanakuja lini?"

Dorotea akakinyoosha kimoja kilichokuwa kimenyooka tayari. Otuoma akajifanya anatafuta penseli yake iliyokuwa sikioni.

Halafu akagonga kwa kidole gazeti kubwa la katikati. "Na hapa? Hapa panakaa nani?"

Dorotea alikuwa amepapangia picha ya idara ya ufumaji, wanawake wote wamejipanga mbele ya geti wakiwa na vilemba vya kazini. Lakini picha ilikuwa ndogo, vichwa kama punje za mtama. Akamwonyesha yeye ni yupi. Mstari wa nyuma, nusu ya uso, nusu nyingine imezibwa na kilemba cha rafiki yake Winnie.

"Na hizi zingine?" Otuoma akauliza, akipitia picha pale mkekani. "Mwenye nyumba simwoni."

Alikuwepo, ukimtafuta. Kwenye harusi ya Odeta alikuwa bega. Kwenye ubatizo wa Yeremia alikuwa mkono ulioshika kofia ya mtoto. Kwenye ile ya Luhende na baiskeli mpya alikuwa kivuli chini, maana yeye ndiye aliyeshika kamera ya kuazima.

"Ukuta wa nani huu, mama? Hauna mwenyewe."

Maneno ya fundi mwenye mdomo. Lakini hayakumtoka. Wiki hiyo hiyo Dorotea alivaa gauni la bluu, akaenda mjini, kwenye studio karibu na soko kuu. Mpiga picha alimpa achague: asimame mbele ya ngazi za ndege au mbele ya maporomoko ya maji, vyote vimechorwa ukutani. Akachagua pazia.

"Tabasamu basi, mama."

"Nikucheke una nini?"

Picha ikatoka hivyo. Uso umenyooka, macho mbele, mdomo umefungwa kama pochi. Akaagiza ikuzwe iwe kubwa, akaipeleka moja kwa moja kwa Otuoma iwekwe kioo na fremu. Zile ndogo zilikuwa zimeshaning'inizwa ukutani kwa kimo alichokitaka yeye, zimebaki na shimo katikati. Otuoma akasema Jumamosi asubuhi ataileta, aimalizie. Jioni ya Ijumaa akapita kwa Dorotea, akala maandazi matatu, akaenda zake.

Jumamosi Dorotea aliamka na wazo lingine. Ukuta unakamilika leo, na kuna mtu mmoja Mwanza hii ambaye angezijua sura zote bila kuuliza. Winnie. Walisimama kwenye mitambo jirani miaka yote ile, wakisomana midomo. Kiwanda kilipofungwa Winnie alihamia kwa mwanawe Pasiansi, wakaahidiana kutembeleana, na unajua ahadi hizo. Dorotea akafunga mlango, akafungua madirisha vanishi isije ikamkaba akirudi, akachukua mfuko wake, akaondoka.

Pasiansi nyumba aliiona upesi. Aliyefungua alikuwa msichana mpangaji, mswaki mdomoni. Akamsikiliza mpaka mwisho, akatema povu kando.

"Yule bibi? Shikamoo. Hayupo. Alirudi kwao Ukerewe, zamani sana. Mwanawe naye kahama."

"Marahaba. Hakuacha ujumbe?"

"Kwa nani?"

Dorotea akashukuru. Akateremka mpaka ziwani, akakaa juu ya jiwe lililopata jua. Kivuko kilikuwa kinatoka, kimejaa, watu wamening'inia kwenye vyuma wakipungia watu wa nchi kavu. Wanawake waliokuwa wanafua karibu naye wakawapungia pia, bila kuwajua. Yeye akakaa na mikono mapajani. Alikaa mpaka jiwe likaanza kumchoma, ndipo akainuka kurudi nyumbani.

Aliwaona alipokata kona ya mashine ya kusaga. Watu. Mbele ya nyumba yake. Wanawake wamekaa kwenye majamvi, miguu wameinyoosha, khanga viunoni. Wanaume kwenye benchi. Mafiga matatu, sufuria kubwa ya shughuli, rundo la kuni lenye kimo cha mtoto. Hakuna anayeuza kitu. Ng'ambo ya barabara duka la dagaa limefungwa, na duka lile halikufungwa hata siku ya kupiga kura.

Mtu haoni kuni na majamvi mlangoni kwake akauliza kuna harusi ya nani. Odeta, akawaza. Au mtoto wa Odeta. Halafu akawaza Yeremia, mji ule mkubwa, maradhi haya, simu imepigwa posta, mtu kaleta habari, na yeye yuko ziwani anaota jua juu ya jiwe kama mjusi. Alitembea ile hatua ya mtu anayetaka kukimbia na anaogopa kufika. Akamfikia mwanamke wa mwisho kabisa, aliyekuwa ameinamia karai anaosha vikombe.

"Nani?" akauliza. "Nani, dada?"

Yule mwanamke hakuinua hata uso. "Mama wa mlango wa bluu," akasema. "Maskini. Ghafla tu."

Dorotea akasimama.

Kibarazani, juu ya kiti cha jirani, iliegemezwa picha yake. Kubwa, nyeusi pembe zote, inang'aa vanishi, uso umenyooka, mdomo kama pochi. Na juu ya fremu, kutoka kona hadi kona, Otuoma alikuwa amezungusha maua ya plastiki, meupe na zambarau, kama alivyozoea kuzungusha kila picha kubwa iliyotoka na jeneza kwenye karakana yake. Aliileta asubuhi akakuta mlango umefungwa, akaiegemeza barazani ikitazama barabara ili ikauke, akarudi kufuata misumari ya zege aliyoisahau. Wapita njia wakaiona. Fremu ya Otuoma, nyeusi, maua, nyumba imefungwa. Mtu akakumbuka kumwona mwenye nyumba akipita asubuhi na mfuko. Kwenye mfuko ikaongezwa hospitali, na kwenye hospitali ikaongezwa yaliyobaki.

Hayo Dorotea aliyajua baadaye. Kwa wakati ule alijua jambo moja tu, kwamba Odeta yu hai na Yeremia yu hai, na moyo wake ulirudi mahali pake kwa kishindo hata akashika ukingo wa karai. Kisha akavuta ncha ya khanga akajifunika kichwa, akasimama nyuma ya watu, akasikiliza. Na wewe ungesikiliza.

Mzee Chenge, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama na kitabu cha nyimbo kwapani. "Ndugu zangu, huyu mama tumekaa naye vizuri. Alikuwa mtu wa watu. Mchangamfu. Hakuna aliyefika kwake akakosa kitu."

Muongo, Dorotea akawaza. Lini ulifika?

"Jina lake nani, Mzee?" mtu akanong'ona kutoka kwenye benchi.

Mzee Chenge akakohoa. "Jina... Bwana analijua."

"Bwana analijua, lakini sisi tunataka kupeleka taarifa," ikapaa sauti ya Mama Jasmin. Macho yake yalikuwa mekundu, na ncha ya khanga imelowa. "Taarifa tunampelekea nani? Watoto anao? Kwao wapi? Maiti iko wapi? Mimi nimemwona kila siku ya Mungu anafagia hapa, namjua mpaka fagio lake, na sijui hata mama nani."

Ndipo mwanamke mmoja akasema dirisha liko wazi na ndani kuna picha ukutani, huenda ndugu zake wakapatikana humo. Wakasogea. Wakajazana dirishani, vilemba juu ya vilemba, mikono imeshika nondo, wakachungulia sebule ya Dorotea. Picha zilikuwa zimekaa kimo chao sawasawa.

"Huyo mwenye baiskeli atakuwa mumewe."

"Au kaka."

"Hebu mtazame huyo bibi harusi. Pua ile ile. Huyo ni binti, naapa!"

"Na hao wanawake wengi wa vilemba? Kwaya hiyo?"

"Na huyu askari," akasema Mama Jasmin, akibana uso katikati ya nondo, "huyu askari nani?"

Hilo ndilo swali Dorotea alilolipikia uji wa muhogo, akalitobolea plasta. Aliposikia linaulizwa, hakuweza kulinyamazia, hata kwenye msiba wake mwenyewe.

"Mkwe wangu," akasema. "Yuko Mbeya. Na hiyo si kwaya."

Sitakudanganya kwamba walifurahi. Alipiga kelele yule wa karai kwanza, vikombe vikaenda. Mwanamke mmoja alipita juu ya benchi bila kugusa benchi. Mzee Chenge alianzisha wimbo, si wa msiba wala wa shukrani, ni ule uliokuwa karibu na mdomo wake. Mama Jasmin hakukimbia, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimekataa kutoka kwenye nondo. Na kwenye benchi ya wanaume, kofia mapajani, misumari ya zege kwenye mfuko wa shati, alibaki mtu mmoja mrefu ametoa macho.

"Fundi!" Dorotea akamaka. "Na wewe? Si jana tu umekula maandazi yangu?"

"Mama," akasema Otuoma, akisimama taratibu kama mtu aliyeitwa na hakimu, "mimi nilirudi nikakuta watu wengi wanalia. Nikasema watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga."

Mama Jasmin alipochomoka dirishani alikuwa na mistari miwili ya kutu mashavuni, na hasira.

"Wewe mwanamke! Nimefunga duka kwa ajili yako! Gari la dagaa limekuja nikalifukuza! Nimelia mimi!"

"Unalia nini? Hata jina hulijui."

"Nimelia hivyo hivyo! Nikuulize kwanza ndiyo nilie? Na kikundini hukujiandikisha, tumebishana hapa, wengine wanasema kanuni ni kanuni, asiyeandikishwa hazikwi na kikundi."

"Mkaamuaje?"

Mama Jasmin akavuta kamasi. "Tukaamua utazikwa."

Dorotea akatoa ufunguo, akafungua mlango wa bluu.

Wakaingia. Maji yalikuwa yameshachemka, sukari ya msiba ilikuwepo, chai ikapikwa kwenye ile sufuria kubwa. Vitambaa vyeupe vikapata doa la kwanza, na la pili, na mwenye navyo akaendelea kumimina. Walikaa makochini macho yakiwa usawa wa picha, wakauliza. Huyu nani, na huyu je, na hapa ilikuwa wapi. Dorotea alisimama na mwiko mkononi ingawa hapakuwa na ugali motoni, akasimulia: Luhende na baiskeli aliyoipanda akaanguka nayo siku hiyo hiyo, Odeta alivyogoma kuolewa mpaka aletewe viatu vingine, Yeremia. Kwenye Yeremia alipita haraka. Walipofika kwenye ile ya kiwandani akaonyesha nusu ya uso wake, halafu kilemba kilichomziba.

"Na huyu aliyekuziba?"

"Winnie," akasema. "Yuko Ukerewe." Akaongeza, "Anapika samaki vibaya sana," na wote wakacheka, na yeye akageukia chai.

Otuoma alipigilia msumari wa mwisho watu wakitazama. Picha ikakaa katikati, maua na yote. Ikawatazama bila kutabasamu.

Jua lilipoanza kushuka waliinuka mmoja mmoja. Huyu ana mtoto mchanga, yule ana maandazi ya kesho, mwingine akachukua sufuria yake, wa benchi wakabeba benchi. Msiba ukiwa wa kweli watu hulala. Huu haukuwa wa kweli, wakaenda kulala kwao. Sebule ikapanuka tena kidogo kidogo, kila anayetoka akiiongezea nafasi, mpaka vikombe vilivyosambaa sakafuni vikaonekana vingi kuliko watu.

Wa mwisho alikuwa Mama Jasmin. Alisimama mbele ya picha, akakunja uso.

"Toa hayo maua, mama. Yananitisha."

Dorotea akapanda kwenye stuli, akayafungua waya kwa waya. Akashuka, akayakung'uta vumbi la mbao, akamwekea mwenzake mikononi.

"Kaa nayo wewe."

"Mimi? Ya kazi gani?"

"Siku yenyewe ikifika, uje nayo. Mimi sina mwingine wa karibu wa kumwachia."

Mama Jasmin akamtazama. Pengine alitaka kucheka. Akayaviringisha maua ndani ya khanga, akatoka, akavuka barabara, akaanza kufungua duka lake gizani ili walau auze kisado kimoja. Dorotea alibaki kizingitini.

"Mama Odeta!" sauti ya kivuko ikaita kutoka ng'ambo. Ni mara ya kwanza jina hilo kuitwa Igoma.

"Nini?"

"Kuni zetu hizo ziache hapo hapo. Tusije tukazibeba mara mbili."

"Mna haraka?"

"Sisi hatuna. Funga dirisha, mbu."

Dorotea akaingia. Dirisha hakulifunga. Akakaa kwenye kochi, upande wa wageni, akaanza kuokota vikombe kwa macho kabla ya kuviokota kwa mikono, na kutoka dirishani akasikia mlango wa bati wa duka la dagaa ukifunguliwa, halafu, baada ya muda si mrefu, ukifungwa, bila sauti ya mnunuzi hata mmoja.